Dawa baridi si dawa dhaifu

Leo tena mteja dukani ameniambia kuhusu dawa baridi, yaani zile zinazouzwa bila cheti cha daktari: "Hizi baridi ni za kubembelezea watoto, nipe ile ya kuandikiwa." Jino lilikuwa linamuuma. Nikamuuliza amekunywa nini. Parasetamoli, kimoja, asubuhi. Kimoja! Mtu mzima na ndevu zake, miligramu 500, halafu dawa ndiyo inaambiwa dhaifu.

Jina ndilo linalotuponza. Ukisikia dawa baridi na dawa moto (zile za kuandikiwa) unadhani ni ukali, kama wa pilipili. Kinachoamua dawa ikae upande gani ni kama mtu anaweza kuutambua ugonjwa wake na kuitumia bila kusimamiwa, asijidhuru. Marekani, omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, ya miligramu 20 iliruhusiwa kununuliwa bila cheti mwaka 2003; kemikali ni ileile. Kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, ilirudi nyuma: Australia waliirudisha kwenye cheti 2018, kwa sababu ya uraibu, wala nguvu haikuwa imeongezeka.

Antibiotiki kwa mafua sisemi. Mafua ni virusi, basi.

Kinachonichosha ni ibuprofeni, dawa baridi nyingine ya maumivu. Kwa maumivu ya ghafla, jino au kifundo kilichoteguka, miligramu 400 tayari zinakaribia kikomo cha utulizaji. Ukimeza 800 maumivu hayapungui maradufu. Kinachoongezeka ni hatari kwa tumbo na figo. Kipimo kikubwa kina kazi yake kwenye uvimbe wa viungo wa muda mrefu, na hapo daktari anahitajika ili figo na presha viangaliwe. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 416 wa dharura waliokuwa na maumivu makali ya mkono au mguu. Kundi moja lilipewa ibuprofeni 400 na parasetamoli 1,000. Mengine matatu, parasetamoli iliyochanganywa na oksikodoni, haidrokodoni au kodeini, zote za jamii ya afyuni na za kuandikiwa. Baada ya saa mbili hapakuwa na tofauti ya maana. Hao "wakali" wote watatu!

Na hiyo parasetamoli inayodharauliwa, ukivuka gramu 4 kwa siku unacheza na ini, tena siku ya kwanza unaweza kujiona mzima kabisa. Imejificha pia kwenye dawa nyingi za mafua, hivyo watu huimeza mara mbili bila kujua.

Nikiri lakini: kwenye kiuno imeniangusha. Jaribio lililotoka katika jarida la Lancet mwaka 2014 halikuiona ikishinda kidonge kitupu kisicho na dawa kwa maumivu mapya ya kiuno. Bado naitoa, maana mwenye figo mbovu simpi ibuprofeni, na kumrudisha mikono mitupu roho hainipi. Sijivunii.

Yule wa jino nilimuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, pumu na figo, nikampa ibuprofeni 400 anywe pamoja na parasetamoli vidonge viwili, nikamsisitizia aende kwa daktari wa meno kwa kuwa tundu halizibwi na kidonge. Akashukuru sana. Alipofika mlangoni akageuka: "Kwa hiyo ile ya kuandikiwa imeisha?"