Mchoro wa mfupa wa samaki si fomu ya kumridhisha mkaguzi

Katika miezi ya karibuni kuna lalamiko moja linalorudi mezani kwetu, sisi tunaotoa vyeti vya mifumo ya ubora, kuliko mengine. Kiwanda, hospitali au kampuni ya huduma imekaguliwa na kupewa hoja, yaani maandishi ya mkaguzi yanayoonyesha mahali ambapo haikukidhi matakwa. Imejibu hoja hiyo kwa maandishi na kuambatisha mchoro wa mfupa wa samaki, yaani mchoro wa kupanga visababishi vya tatizo moja, uliotengenezwa kwa kompyuta, wenye rangi na nembo ya kampuni. Jibu likarudishwa. Mteja anaona ametimiza kila alichotakiwa, na kwamba mkaguzi ana lake jambo.

Ieleweke kwanza kwamba haya ni maelezo ya jumla kwa umma. Chombo kinachotoa vyeti vya mifumo hakiruhusiwi kumshauri mteja namna ya kutatua tatizo lake, kwa sababu chombo hichohicho ndicho kitakachokuja kulikagua suluhisho. Kwa hiyo mfano nitakaoutoa nimeuunda kutokana na mambo tunayokutana nayo mara kwa mara, na haumlengi mteja yeyote.

Hakuna kifungu cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya ubora, kinachodai mchoro huu. Kifungu cha 10.2 katika toleo la mwaka 2015 kinataka taasisi ilishughulikie tatizo lililojitokeza, ichunguze chanzo chake, iangalie kama tatizo la namna hiyo lipo au linaweza kuzuka kwingine, ichukue hatua, ipime kama hatua hizo zimefaa, kisha itunze kumbukumbu. Namna ya kukitafuta chanzo ni hiari yenu. Aliyewaambia kwamba bila samaki hampiti hakuwatendea haki, hasa kama mlimlipa kwa ushauri huo.

Mchoro wenyewe ni kazi ya Kaoru Ishikawa, mhandisi wa Kijapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1915 na kufundisha Chuo Kikuu cha Tokyo. Alianza kuutumia mwaka 1943 akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki namna mambo mengi yanavyochangia tokeo moja. Kuanzia mwaka 1962 ulienea viwandani Japani pamoja na vikundi vya ubora, ambavyo wajumbe wake walikuwa wafanyakazi wa kawaida na msimamizi wao wa zamu. Jambo hili wengi wanaliruka. Chombo kilichokusudiwa watu wa sakafuni, wanaoshika mashine kila siku, siku hizi kinajazwa na ofisa ubora peke yake usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ya kujibu hoja. Kwetu Tanzania falsafa hiyohiyo iliingia hospitalini kupitia 5S na Kaizen, mbinu za Kijapani za kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi kidogo kidogo, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 2007. Hatuwezi kusema ni mambo mageni.

Kuchora ni rahisi. Tatizo huandikwa kulia, kwenye kichwa. Uti wa mgongo huvutwa kuelekea kushoto, na mifupa mikubwa hubeba makundi ya visababishi. Viwandani makundi yaliyozoeleka ni sita: watu, mashine, malighafi, njia ya kazi, vipimo na mazingira. Si lazima yawe sita. Hospitali inayochunguza kwa nini sampuli za damu zinakataliwa maabara inaweza kuiacha sita hiyo na kufuata safari ya sampuli yenyewe: kuagizwa kipimo, kutolewa damu, kuandikwa jina kwenye chupa, kusafirishwa, kupokelewa. Kwenye kazi za huduma, mara nyingi njia hii ya pili ndiyo inayofaa zaidi.

Sasa tuchukue kiwanda cha sembe kinachofungasha paketi za kilo 2. Wenye maduka wamelalamika kuwa baadhi ya paketi ni nyepesi. Kichwani pa samaki kikao kinaandika "Ubora duni", na hapo kazi imeshaharibika, kwa sababu hakuna anayeweza kutafuta chanzo cha neno pana kiasi hicho. Kichwa kinachofanya kazi kinasema hivi: paketi za kilo 2 kutoka laini ya pili zinapungua chini ya gramu 1,970, tangu laini hiyo ianze. Namba hiyo haikuokotwa. Mapendekezo ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, namba R 87, yanavumilia upungufu wa asilimia 1.5 kwa paketi ya uzito huo, yaani gramu 30, kwa idadi ndogo tu ya paketi, na wastani wa shehena nzima hautakiwi kushuka chini ya uzito ulioandikwa. Niongeze kwamba uzito wa bidhaa zilizofungashwa nchini una sheria yake, Sheria ya Vipimo Sura ya 340, na msimamizi wake ni Wakala wa Vipimo. Cheti cha mfumo wa ubora hakimkingi mtu na wakala huyo.

Kikao kikianza, sauti ya kwanza huwa ileile: wapakiaji hawako makini. Mwenyekiti makini huliandika hilo kwenye mfupa wa watu kama dhana mojawapo, kisha humgeukia anayefuata. Fundi atasema skrubu ya kujazia imelika. Mtu wa kinu atasema unga ukitoka kusagwa ukiwa wa moto haukai sawa na uliopoa. Mpakiaji mwenyewe, akiulizwa kwa heshima na bosi wake akiwa ametulia, atasema feni iliyofungwa ukutani inapuliza sahani ya mizani na tarakimu hazitulii. Mwingine atakumbuka kuwa mifuko ilibadilishwa, na uzito wa mfuko mtupu ulioingizwa kwenye mizani ni wa mfuko wa zamani. Mwingine atataja kijana mpya wa zamu ya usiku. Yote yanaandikwa. Karatasi ya manila na kalamu nene zinatosha kabisa.

Hapa ndipo wateja wetu wengi huishia. Wanaangalia mchoro, wanapiga kura au wanamsubiri meneja achague, wanazungushia duara "uzembe wa mpakiaji", na hatua ya kurekebisha inakuwa barua ya onyo pamoja na semina ya nusu siku. Mchoro umewapa orodha ya watuhumiwa, nao wamehukumu bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Tunarudisha majibu ya namna hii kila wiki, na tutaendelea kuyarudisha.

Kinachotakiwa ni kuthibitisha. Mizani na feni vinajibiwa kwa muda mfupi: weka jiwe la mizani la kilo 2 lililohakikiwa, soma feni ikiwa imewashwa, soma ikiwa imezimwa. Mfuko mtupu unapimwa. Kijana wa usiku analinganishwa na wenzake kwa karatasi za kumbukumbu, si kwa maneno ya watu. Vinavyobaki vinatafutiwa takwimu. Kila robo saa chukua paketi tano mfululizo, pima, andika uzito, na pembeni andika saa, jina la mpakiaji, na unga umefika wapi ndani ya hopa, yaani chombo cha juu ya mashine kinachoshikilia unga unaosubiri kufungashwa. Hiyo safu ya hopa ndiyo watu huisahau.

Mashine nyingi za kujazia unga kwa skrubu hazipimi uzito, zinapima ujazo. Skrubu inazunguka mizunguko iliyopangwa na kusukuma kiasi kilekile cha nafasi. Hopa ikijaa, unga wa juu unaukandamiza wa chini, na nafasi ileile inabeba gramu nyingi. Hopa ikikaribia kuisha, unga unakuwa na hewa nyingi, na nafasi ileile inabeba gramu chache. Kwa hiyo karatasi ikionyesha kuwa paketi nyepesi zimejikusanya wakati hopa iko chini ya theluthi, bila kujali ni nani aliyekuwa kwenye mashine, mnajua pa kuchimba. Na mnajua pia kwamba barua ya onyo ingemwonea mtu bure.

Endeleeni kuuliza kwa nini. Kwa nini hopa inaachwa ishuke? Kwa sababu anayepandisha unga huondoka. Kwa nini anaondoka? Kwa sababu ndiye huyohuyo anayeshona viroba upande wa jumla, na lori likija anaitwa. Kwa nini anafanya kazi mbili? Kwa sababu laini ya pili iliongezwa na mgawanyo wa kazi haukupangwa upya. Hapo mmefika mahali ambapo mtu mwenye mamlaka anaweza kutenda: kuongeza mtu, au kubadili ratiba ya malori, kuchora mstari mwekundu kwenye hopa na kuandika kwenye utaratibu wa kazi kwamba unga ukifika mstari huo mashine inasimama. Toyota walizoeleza kuuliza mara tano, lakini tano si amri. Wapo wanaojaza swali la nne na la tano kwa kurudia la tatu kwa maneno mengine ili fomu ijae. Tunayaona.

Mtagundua pia kuwa chanzo kiliangukia uongozini. Pengine ndiyo sababu michoro mingi tunayopokea ina mfupa wa watu ulionona na mifupa mingine mitupu. Mchoro ambao visababishi vyake vyote ni "kutojali", "uelewa mdogo" na "mafunzo hayatoshi" unatueleza zaidi kuhusu waliokuwa ndani ya kikao kuliko kuhusu tatizo.

Kuhusu taratibu, naomba usomaji wa makini kwa sababu ndipo penye hasara. Jibu la hoja lina sehemu tatu zinazotofautiana. Kuna marekebisho ya papo hapo, kwa mfano kuzirudisha paketi nyepesi na kuzijaza upya. Kuna chanzo. Kuna hatua ya kukiondoa chanzo hicho, yenye mhusika na tarehe. Kuleta sehemu ya kwanza peke yake na kuiita ya tatu ndilo kosa linalorudisha majibu mengi kuliko mengine yote. Ushahidi wa kwamba hatua imefaa unakuja baadaye, na lazima utoke kwenye kipimo kilekile kilichoonyesha tatizo. Picha za washiriki wa semina hazipimi uzito wa unga.

Hoja kubwa na hoja ndogo hazishughulikiwi sawa. Kwa hoja ndogo tunakubali mpango wa hatua, na utekelezaji unaangaliwa ziara inayofuata. Kwa hoja kubwa lazima tuthibitishe utekelezaji kabla cheti hakijatolewa au kuhuishwa. Chini ya ISO/IEC 17021-1, kiwango kinachotuongoza sisi tunaotoa vyeti, kama uthibitisho huo haujapatikana ndani ya miezi 6 tangu siku ya mwisho ya ukaguzi wa hatua ya pili (ukaguzi mkuu unaotangulia kutolewa kwa cheti), ukaguzi wa hatua ya pili unarudiwa, na gharama zake ni za mteja. Baada ya cheti kutolewa, kuna ukaguzi wa ufuatiliaji angalau mara moja kila mwaka wa kalenda isipokuwa mwaka wa kuhuisha, na wa kwanza haupaswi kupita miezi 12 tangu uamuzi wa kutoa cheti. Cheti kinakwenda kwa mzunguko wa miaka 3.

Mteja ambaye mfumo wake umeshindwa vibaya au mara kwa mara kukidhi matakwa, au anayezuia ukaguzi wa ufuatiliaji, cheti chake husimamishwa. Kwa kawaida kusimamishwa hakuzidi miezi 6. Katika kipindi hicho cheti hakina nguvu kwa muda, na mteja haruhusiwi kujitangaza nacho kwenye zabuni, tovuti, magari au mabango. Atakayetuuliza hali ya cheti hicho atajibiwa ukweli. Tatizo lisipomalizwa ndani ya muda, cheti hufutwa au wigo wake hupunguzwa kwa kuondoa sehemu isiyokidhi. Mteja asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa, na rufaa haisikilizwi na mkaguzi aliyeandika hoja wala aliyetoa uamuzi. Kukata rufaa hakumletei mtu uadui kwetu. Kupiga simu kwa wakubwa badala ya kukata rufaa hakusaidii.

Niseme na hili, ingawa si kiini cha makala: cheti cha ISO 9001 ni cha mfumo, si cha unga. Kuchapa alama yake kwenye paketi kana kwamba bidhaa yenyewe imethibitishwa hairuhusiwi, na wakaguzi wetu wanapita madukani kama wateja wengine. Na shirika la ISO lenyewe halitoi cheti kwa kampuni yoyote, hivyo anayewaahidi cheti "moja kwa moja kutoka ISO Geneva" anawauzia karatasi.

Wenye hoja ambazo hazijafungwa wajibu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya ukaguzi. Anayehitaji muda zaidi aandike barua kabla ya tarehe hiyo, aeleze sababu, na ataje ni sehemu gani ya uchunguzi imebaki. Mchoro uliochorwa kwa mkono kwenye manila, ukafutwafutwa na kupigwa picha kwa simu, unapokelewa. Uambatane na majina na vyeo vya walioshiriki, karatasi za takwimu zilizotumika kuthibitisha au kuondoa kila dhana, na maelezo mafupi ya dhana zilizoondolewa na kwa nini ziliondolewa. Mchoro usio na viambatisho hivyo hautafunguliwa faili, utarudishwa ukiwa na fomu ileile, na siku za kujibu zitaendelea kuhesabiwa.