Meru si mlima wa mazoezi: tunayodanganyana kuhusu Hifadhi ya Arusha

Mkazi wa Arusha anauona Meru tangu utotoni, mawingu yakiruhusu, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuudharau. Haya ndiyo tunayoambiana kuhusu mlima huu na hifadhi yake, na majibu yangu.

"Ule ni wa kupashia misuli kabla ya Kilimanjaro."
Una mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania nzima. Unalala kambi ya Miriakamba, unalala kambi ya Saddle, halafu unaamshwa usiku wa manane kuelekea kileleni. Ukishapita Rhino Point, sehemu iliyo juu ya Saddle, njia inakuwa ukingo wa mwamba na majivu, upande mmoja kreta imekatika chini, na tochi ya kichwani inakuonyesha hatua chache tu mbele. Baridi inagandisha maji kwenye chupa. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na haukuulizi kama umezaliwa Ngarenaro au London. Ukizidi, dawa ni kushuka.

"Simba hakuna, askari mwenye bunduki wa nini?"
Simba kweli hakuna. Nyati je? Wamejaa kuanzia lango la Momella, na dume mzee anayetembea peke yake hana utani. Kupanda bila askari wa hifadhi hairuhusiwi. Akikwambia simama, simama. Picha utapiga baadaye.

"Hifadhi ni ya wazungu wenye Land Cruiser."
Huu ndio uongo unaoniudhi zaidi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni, mradi awe na kitambulisho. Ila usije na noti mkononi, malipo ni ya kielektroniki. Na kama hutaki kupanda mlima, kuna matembezi ya nusu siku na askari hadi maporomoko ya Tululusia, twiga wakikutazama njia nzima. Watu wa kijiji cha Ngare Nanyuki wanawaona twiga hao bure kabisa, maana barabara yao inakatiza hifadhini, pale kwenye uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo.

"Kreta ya Ngurdoto unateremka na gari kama Ngorongoro."
Huteremki. Unaangalia kutoka juu ukingoni, basi.

"Volkano ya Meru ilishakufa."
Imelala. Ilitoa majivu mwaka 1910.

Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni huwa tope tupu. Kuanzia Juni panda.