Peptidi za dagaa na seli za kinga: kipimo kinavyodanganya

Dagaa mchele wanaochemshwa kwa maji ya chumvi pwani ya Kama, Unguja, wana protini nyingi. Protini hiyo ikikatwa na kimeng'enya hutoa peptidi, yaani vipande vifupi vya asidi amino, aghalabu 2 hadi 20 kwa kipande. Baadhi ya vipande hivyo hutuliza makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na kuwasha mchochota: wekundu, joto, uvimbe na maumivu.

Kuwashwa kwenyewe huenda hivi. Sumu ya ukuta wa bakteria, LPS, hugusa kipokezi TLR4 juu ya seli. Protini iitwayo NF-kB hufunguliwa kifungo chake, huingia kwenye kiini, na seli huanza kutoa kemikali za mchochota: TNF-alfa, interleukini-6 na naitriki oksaidi. Peptidi nyingi zinazofaa huizuia NF-kB isifike kwenye kiini.

Uchaguzi wa dagaa nauhesabu nusu ya kazi. Chukua waliochemshwa mara tu baada ya kushushwa. Waliochelewa juani wakiwa wabichi hujaa histamini, na hiyo moto hauiondoi wala chujio haliizuii. Waroweke maji baridi, ukibadilisha mara tatu ili chumvi itoke, kisha wakaushe, wasage, na utoe mafuta kwa heksani. Mafuta ya dagaa yana omega-3, ambazo zenyewe hupunguza mchochota. Ukiyaacha hutajua sifa umpe nani.

Gramu 50 za unga tia katika mililita 500 za maji safi, nyuzi joto 55, pH 8. Ongeza kimeng'enya Alcalase, asilimia 2 ya uzito wa protini, koroga saa 4. pH hushuka kadiri protini inavyokatika. Irudishe kwa matone ya sodiamu haidroksidi. Isiposhuka nusu saa ya mwanzo, kimeng'enya kimekufa. Mwisho nyuzi 95 kwa dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji, pitisha kwenye chujio la kilodaltoni 3, linalozuia molekuli kubwa na kupitisha peptidi fupi.

Kwenye sahani ya visima 96 panda makrofaji ya panya, RAW 264.7, 50,000 kila kisima. Tia peptidi mikrogramu 50 hadi 500 kwa mililita, na baada ya saa 1 tia LPS mikrogramu 1 kwa mililita. Baada ya saa 24 pima nitriti, mabaki ya naitriki oksaidi, kwa kitendanishi cha Griess, nanomita 540. Rangi ya waridi ikififia, usishangilie bado. Seli zilizokufa nazo hazitoi nitriti, kwa hiyo pima uhai wake kwa MTT, kemikali ambayo seli hai huigeuza rangi. Kisima chenye uhai chini ya asilimia 90 mimi sikihesabu. Chumvi ya kurekebishia pH nayo huzisumbua seli, basi weka kisima chenye chumvi hiyo peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini huokota bakteria. Kuchemsha huwaua, lakini LPS yao hubaki, hata baada ya nyuzi 95. Seli zikionjeshwa LPS kidogo kwa saa kadhaa huizoea. Ukitia nyingi baadaye huitika kwa uvivu, na mtafiti huandika kwamba peptidi imefanya kazi. Chujio la kilodaltoni 3 hubakiza sehemu kubwa ya sumu hiyo, lakini halitoshi. Pima sampuli kwa LAL, kipimo cha kugundua LPS, weka visima vya peptidi bila LPS, na vingine vyenye polimiksini B, inayoifunga LPS. Vyombo vya kioo vichome kavu nyuzi 250, dakika 30. Mvuke wa otoklevu hauiharibu.

Tena, makrofaji ya binadamu hutoa naitriki oksaidi kidogo mno, kwa hiyo rudia kwa seli za binadamu THP-1 ukipima TNF-alfa. Kabla ya hapo ipitishe peptidi kwenye pepsini, pH 3, saa 2, kisha pankreatini, pH 7, saa 2, zote nyuzi 37. Tumbo la mlaji litaikata vivyo hivyo, na kisafirishi PepT1 cha utumbo hubeba vipande vya asidi amino 2 au 3 tu. Mwenye baridi yabisi anayeuliza kama aache dawa ale dagaa, jibu langu ni hapana: ale dagaa, na dawa ameze.