Jaji wa Kaunti Si Mtu wa Gavana

"Wakili, huyu jaji wetu ni mtu wa gavana. Si tumwone gavana kwanza?" Maneno haya nimeyachoka. Kwenye kesi za ardhi, mteja huyatamka hata kabla hajanionyesha hatimiliki.

Serikali ya kaunti nchini Kenya haina jaji wala hakimu wake. Waliopo ni majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na mahakimu, waliopangiwa vituo katika kaunti. Katiba ya 2010 iligatua hospitali, chekechea na masoko. Mahakama ikabaki ya kitaifa. Hakimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Jaji hupendekezwa na tume hiyo hiyo baada ya usaili wa hadharani, kisha Rais humteua. Mshahara wake hautoki kaunti, na gavana hana neno katika uhamisho wake.

Hata Rais hachagui anayempenda. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majina 41 ya majaji, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akayakalia. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba analazimika kuwateua. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita (mmoja alikuwa ameshafariki), na hao sita wakaja kuapishwa Septemba 2022 baada ya William Ruto kuingia Ikulu.

Kama bado una shaka, kumbuka kaunti ya Kiambu. Julai 2019 hakimu wa mahakama ya Milimani, Nairobi, alimzuia gavana wa wakati huo, Ferdinand Waititu, kuingia ofisini mwake huku kesi yake ya ufisadi ikiendelea. Alipokimbilia Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi akakataa kuiondoa amri hiyo. Gavana aliyeshindwa kujifungulia mlango wa ofisi yake mwenyewe atakufungulia wewe upi?

Pesa unazotaka kumpelekea gavana mlipe mpima ardhi. Niletee mkataba wa mauzo, risiti, na wazee walioshuhudia mkiuziana. Anayejidai kukufikishia bahasha kwa jaji anakula pesa zako, na wewe uliyeitoa unaweza kushtakiwa kwa hongo.

Mengine ninayoambiwa na wateja nayajibu kwa haraka. Si lazima jaji awe amewahi kutetea wateja kortini: Kifungu cha 166 kinataka uzoefu wa miaka kumi, hata kama ni wa uhakimu, wa kufundisha sheria chuo kikuu au wa kazi nyingine ya kisheria. Hakimu naye hapandi kuwa jaji kwa kukaa kazini muda mrefu. Huomba nafasi na kusailiwa kama wengine.

"Ni kabila lao." Kama jaji ana undugu na mpinzani wako, au aliwahi kuwa wakili wake, niambie mapema tuombe ajiondoe. Jina la ukoo peke yake si sababu, na sitalipeleka mbele ya korti.

"Jaji haguswi." Anaguswa: JSC ikiridhika na malalamiko dhidi yake, humwomba Rais aunde jopo la kumchunguza. Lakini kukuamulia kesi vibaya si utovu wa nidhamu. Dawa yake ni rufaa. Kutoka kwa hakimu, kesi ya madai ina siku 30, ya jinai 14. Wengi huja kwangu katika mwezi wa pili tangu hukumu, baada ya kuzunguka na barua za malalamiko, na hapo inabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, jambo ambalo korti inaweza kulikataa.