Vimilikishi vya Kihispania kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Wanafunzi wangu wengi hufika kwenye Kihispania wakiwa wamepitia Kiingereza, na katika suala la umiliki ni Kiingereza hicho kinachowapoteza. Msemaji wa Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba kimilikishi hupatana na kinachomilikiwa: kitabu changu, vitabu vyangu. Kihispania nacho husema mi libro, mis libros, na katika nuestro (-etu) na vuestro (-enu) huzingatia pia jinsia ya nomino, hata wanaume peke yao wakiitaja nyumba yao husema nuestra casa, kwa kuwa casa ni nomino ya kike.

Mi (-angu), tu (-ako) na su (-ake) hutangulia nomino. Lipo pia umbo refu linaloifuata kama kwetu: un amigo mío ni rafiki yangu mmoja, na ¡Dios mío! ni Mungu wangu! Umbo hilo likisimama peke yake, artikeli, yaani kineno kama el au la kinachotangulia nomino, hubadili maana: es mío hueleza kwamba kitu ni changu, ilhali es el mío hukichagua changu kati ya vingine.

Penye ugumu hasa ni su, ambayo hubeba yake na yao, na kwa anayeitwa kwa heshima usted hubeba yako pia. Katika Amerika ya Kilatini mzigo huongezeka, kwa sababu wanaosemeshwa wakiwa zaidi ya mmoja huitwa ustedes (ninyi), vuestro haitumiki katika mazungumzo ya kawaida, na yenu nayo huangukia su. Utata ukitokea, sema la casa de ella (nyumba ya yeye mwanamke) au la casa de ustedes (nyumba yenu). Usipokuwapo, ufafanuzi huo huchosha msikilizaji.

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni mi cabeza duele. Mhispania husema me duele la cabeza, akimweka mwenye kichwa kwenye kiwakilishi kinachoambatana na kitenzi, jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa kiambishi: kichwa kinaniuma. Vivyo hivyo, me rompí la pierna ni nilivunjika mguu, me lavo las manos ni ninanawa mikono, na hata mavazi hufuata mkondo huo: me quité los zapatos, nilivua viatu, bila kutaja ni vya nani. Kimilikishi hurejea hasa pale mwenye mali anapokuwa mwingine: me puse tus zapatos, nilivaa viatu vyako.