Je, wajua chipu ndogo huongezaje nguvu ya pikapu?

Msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ukifika, mlima wa kutoka Masasi kupanda Newala, mkoani Mtwara, hujaa pikapu zilizobeba mifuko. Nyingi hupanda kwa gia ndogo, taratibu. Mara moja moja hupita moja kwa kasi, nyuma yake wingu jeusi, na watu barabarani husema: "Hiyo imewekwa chipu." Sasa, kijisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinawezaje kuipa nguvu injini ambayo haijaongezwa hata nati moja?

Mjomba wangu alifungiwa kimoja kwenye Hilux yake ya dizeli, nami nilisimama pembeni nikitazama. Fundi alifungua boneti, akapenyeza mkono hadi kwenye lile bomba nene la chuma linalogawa dizeli kwa injekta zote nne, vile vinyunyizio vya mafuta; bomba hilo ndilo komoni reli. Mwishoni mwa bomba hilo kuna sensa, yaani kifaa cha kupima presha. Akachomoa soketi yake, akapachika nyaya za chipu katikati ya soketi na sensa, pande zote mbili zikalia "tik". Kijisanduku akakifunga kando ya betri. Hazikupita dakika ishirini. "Tayari, mzee. Kaijaribu," akasema.

Ili kuelewa kilichofanyika hapo, kumbuka kwamba nguvu ya injini ya dizeli hutegemea zaidi kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa. Ukikanyaga pedeli, kontroboksi, ambayo ndiyo kompyuta ya injini, hupiga hesabu na kuamua injekta zifunguke kwa muda gani na dizeli isukumwe kwa presha gani. Presha hiyo si mchezo. Tairi la pikapu fundi pancha hulijaza kama PSI 35 (PSI ni kipimo cha presha). Ndani ya komoni reli presha hupita PSI 20,000 injini ikiwa na kazi nzito.

Kontroboksi haioni presha hiyo kwa macho. Huijua kwa kusoma umeme mdogo unaotoka kwenye sensa: presha ikipanda, volti hupanda. Chipu hukaa katikati na kuzipunguza volti hizo. Tuseme presha halisi ni 20,000, chipu inapeleka habari kwamba ni 18,000. Kontroboksi inadhani presha imepungua, inaamuru pampu iongeze. Injekta zinafunguka kwa muda uleule wa siku zote, lakini dizeli inayoingia ni nyingi zaidi, na gari linavuta kweli. Nguvu haijatoka kwenye chipu. Imetoka kwenye tangi lako.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika kuhusu ulaji wa mafuta. Mjomba alishangilia kuona kioo cha dashibodi kikionyesha kwamba gari sasa linakula kidogo. Lakini kioo hicho hakipimi dizeli. Kinaonyesha hesabu ya kontroboksi, na kontroboksi imeshapewa presha ya uongo. Imenyunyiza nyingi ikidhani ni chache! Kipimo cha kuaminika ni kujaza tangi pomoni, kuandika kilometa, kutembea, kisha kujaza tena pomoni na kugawanya kilometa ulizotembea kwa lita ulizojaza.

Kwa nini basi kiwanda chenyewe hakikuongeza dizeli hiyo? Itazame injini ya 2KD ya Toyota, lita 2.5, iliyofungwa kwenye Hilux nyingi tunazoziona. Kuna toleo la nguvu farasi 102 na kuna la 144. Ukubwa ni uleule, lakini kufika 144 Toyota waliweka turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, ya aina nyingine pamoja na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Waliongeza hewa pamoja na mafuta. Chipu huongeza mafuta zaidi kuliko hewa, na dizeli iliyokosa hewa ya kutosha ndiyo ule moshi mweusi.

Moshi peke yake ungevumilika. Shida kubwa ni joto. Pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, wakati moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Pistoni huokoka kwa sababu moto huo hudumu kwa muda mfupi mno, na joto huondolewa na oili na maji. Ile nafasi iliyoachwa na kiwanda ni ya siku ngumu: jua la Kusini, eya klina iliyojaa vumbi, mzigo wa tani moja, mlima usioisha. Chipu huitumia nafasi hiyo hata kabla mlima haujaanza. Klachi nayo hubebeshwa nguvu ambayo haikupimiwa.

Gari lenye injini ya dizeli ya zamani ya Toyota, kama 1HZ au 3L, halihusiki kabisa, kwa sababu pampu yake ni ya mitambo na hakuna kompyuta ya kudanganya. Injini ya petroli isiyo na turbo hupata nguvu kidogo sana, si pesa ya kutupa. Na kile kidude cha bei rahisi kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, usikinunue. Vingi vikifunguliwa ndani hukutwa vitaa vya kuwakawaka tu. Ukitaka kazi ya maana, kuna mafundi wanaoandika upya programu ya kontroboksi yenyewe, ili nayo ijue presha halisi na ipange mafuta kulingana na hewa iliyopo.

Mjomba alijua yote haya akiwa na mifuko 40 ya salfa, kilo 25 kila mmoja, karibu na juu ya ule mlima wa Newala. Mshale wa joto uliinuka, akaegesha, akasubiri injini ipoe zaidi ya saa nzima. Kisha akafungua boneti, akachomoa nyaya za chipu na kurudisha soketi kwenye sensa yake. Kipande kilichobaki alikimaliza kwa gia ya pili, bila moshi.