Benki Kuu imeshusha riba, mbona mkopo wa nyumba haujashuka?

"Benki Kuu imepunguza riba, kwa hiyo mwezi ujao nitakatwa kidogo." Hii ndiyo dhana inayowavunja moyo wengi wanaolipia nyumba kwa mkopo nchini Kenya. Kiwango cha riba cha Benki Kuu, kinachoongoza riba za benki nyingine, kilifika asilimia 13 Februari 2024, kikaanza kushuka Agosti, na kufikia Juni 2025 kilikuwa asilimia 9.75. Wengi hawakuona nafuu ya kiasi hicho kwenye makato yao.

Sababu kubwa ni kwamba benki hukopesha hasa amana za wateja. Aliyeweka pesa kwa muda maalumu wakati riba ziko juu lazima alipwe alichoahidiwa mpaka muda uishe. Halafu kuna serikali yenyewe: katikati ya 2024, dhamana zake za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi ambayo serikali huchukua kwa umma na benki, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Benki inayopata kiwango hicho kwa miezi mitatu, bila hofu ya mdeni kutoroka, haina haraka ya kumkopesha mwalimu kwa miaka 20. Mwaka 2025 riba za dhamana hizo zilishuka chini ya asilimia 10, na Benki Kuu ikazibana benki hadharani ziwapunguzie wakopaji. Kwa hiyo usisubiri tangazo la Benki Kuu peke yake. Fuatilia pia matokeo ya mnada wa dhamana za serikali, ambayo hutoka kila wiki.

Wapo wanaosema dawa ni sheria ya kuweka kikomo. Ilishajaribiwa: kuanzia Septemba 2016, riba haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Hasira iliyozaa sheria hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mkopaji ambaye benki ilimwona ana hatari kubwa hakupata mkopo nafuu, alinyimwa kabisa, na pesa zikaenda kununua dhamana za serikali. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019.

Dhana ya hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kudhani riba iliyoandikwa kwenye barua ya mkopo haitaguswa. Mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika. Chukua shilingi milioni 5 kwa miaka 20: kwa asilimia 13 utalipa takriban 58,600 kwa mwezi, kwa asilimia 15 takriban 65,800. Na katika malipo ya kwanza ya hiyo asilimia 15, shilingi 62,500 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 3,300 hivi. Ndiyo maana mikopo inayofadhiliwa na KMRC, kampuni iliyopewa leseni mwaka 2020 kuzikopesha benki na sacco pesa za muda mrefu, inastahili kuulizwa mapema: riba yake kwa kawaida ni ya tarakimu moja na haibadiliki.

Dhana ya mwisho: "Nitangoja riba zipande ili bei za nyumba zianguke." Nchi nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Wakenya wengi hujenga kidogo kidogo kwa akiba, chama na sacco, kwa hiyo bei husukumwa zaidi na ardhi, saruji na vyuma kuliko riba ya benki.